Mcheza Kwao Hutuzwa

Wahenga walituachia msemo mfupi usemao: mcheza kwao hutuzwa. Aliyepata kuhudhuria ngoma ya harusi ataikumbuka desturi yenyewe. Mchezaji huingia uwanjani akaonyesha ufundi wake, na jamaa mmoja katika watazamaji huinuka, akamwendea, akambandika noti kwenye paji la uso au akamfunga kitambaa mkononi, kisha akarejea mahali pake huku akina mama wakipiga vigelegele. Huko ndiko kutuza, na kutokana na kitendo hicho twapata neno tuzo, ambalo siku hizi twalisikia redioni na kulisoma magazetini kila zinapotangazwa sherehe za kila mwaka za kuwaheshimu waigizaji wa sinema na televisheni.

Kwa hiyo tuzo si jambo lililotujia kwa ndege. Kilichokuja kwa ndege ni zulia jekundu, tai ya kipepeo na bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Kiini chake ni kile kile cha uwanja wa ngoma: jamii humwambia mchezaji, mbele za watu, kwamba kazi yake imeonekana na imethaminiwa. Lakini katika msemo ule kuna neno moja lenye uzito, nalo ni neno kwao. Je, mchezaji wetu wa Uganda ametuzwa kwao? Swali hili lina historia chungu, na sisi wa nyumba za askari na polisi twahusika nalo kuliko tunavyodhani.

MCHEZAJI ALIYECHUKULIWA UKUMBINI

Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala lilifunguliwa mwaka 1959. Miaka ya sabini msanii wake mkuu alikuwa Byron Kawadwa, mtunzi na mwongozaji wa michezo ya kuigiza katika lugha ya Kiganda. Mwanzoni mwa mwaka 1977 yalifanyika mjini Lagos, Nigeria, maonyesho makubwa ya sanaa na utamaduni wa watu weusi, yaliyojulikana kwa jina la FESTAC. Uganda ilipeleka kundi lake, na Kawadwa akaliongoza pamoja na mchezo wake wa nyimbo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, mchezo wenye mafumbo juu ya madaraka.

Mtu aliyebeba jina la nchi yake mbele ya Afrika nzima alistahili kupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma. Badala yake, muda mfupi baada ya kurejea, watu wa State Research Bureau walimfuata pale pale katika Jumba la Maigizo, wakamchukua, wakamwua. Hakuuawa na adui aliyevuka mpaka. Waliomchukua walikuwa wakilipwa mshahara na serikali, mshahara uliokusudiwa kumlinda raia kama yeye. Ndiyo maana habari hii haina budi kusomwa katika nyumba zetu, wala isiachwe kwa wanafunzi wa chuo kikuu peke yao. Siku ile kwao mchezaji palikuwa mahali pa hatari kuliko ugenini.

Michezo haikufa. Vikundi kama Ebonies, Bakayimbira na Afri-Talent vilijaza kumbi za Kampala, na watu walilipa kiingilio ili wacheke na kulia. Hata hivyo, kwa miaka mingi mwigizaji alipigiwa makofi usiku, na asubuhi akarudi kuwa mtu asiye na kazi inayotambulika. Mtaani aliitwa msanii kwa sauti ile ile ambayo watu huitumia wanaposema mzururaji.

SANAMU ILIYOKWENDA MBALI

Tarehe 25 Februari 2007, huko Los Angeles, Marekani, mwigizaji Forest Whitaker alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Sehemu aliyoigiza ilikuwa ya Idi Amin, katika sinema The Last King of Scotland iliyotoka mwaka 2006. Sinema hiyo ilipigwa hapa Uganda, katika mitaa tunayopita kila siku. Whitaker, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Texas, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, akajifunza kupiga kodiani, na akakaa na watu waliomfahamu Amin ili ashike namna yake ya kusema na kucheka. Alikuwa mweusi wa nne kupata tuzo ile ya mwigizaji mkuu wa kiume, baada ya Sidney Poitier mwaka 1964, Denzel Washington mwaka 2002 na Jamie Foxx mwaka 2005.

Yafaa tumpe haki yake: alifanya kazi kubwa. Lakini tuangalie na waliosimama ubavuni pake. Abby Mukiibi, aliyekuwa akijulikana vizuri katika maigizo ya Kampala, alikuwa ndani ya sinema hiyo. Stephen Rwangyezi, aliyeanzisha kundi la Ndere mwaka 1984, naye alikuwamo. Na kabla ya hapo, jirani yetu Mkenya Joseph Olita alikuwa amekwisha kumwigiza Amin katika sinema ya mwaka 1981, kisha akamwigiza tena kwa ufupi katika Mississippi Masala ya mwaka 1991. Olita alifariki mwaka 2014. Wengi waliomwona wakiwa watoto hawajamsahau hata leo, ingawa kamera za dunia hazikumfuata.

Mfano wa pili ni Daniel Kaluuya. Alizaliwa London mwaka 1989 kwa wazazi Waganda, na tarehe 25 Aprili 2021 akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kumwigiza Fred Hampton, kijana mpigania haki wa Chicago, katika sinema Judas and the Black Messiah. Redio za Kampala zilishangilia kana kwamba mtoto wa jirani amefaulu mtihani, na kwa kweli lile jina lake ni la kwetu. Lakini shule iliyomfunza ilikuwa ya Uingereza, na jukwaa lililomkuza lilikuwa la Uingereza. Damu yetu ilituzwa, ilhali kazi yenyewe ilipikwa katika jiko la wengine.

Kuna na mfano wa tatu, ulio karibu zaidi. Mwaka 2016 ilitoka sinema Queen of Katwe iliyoongozwa na Mira Nair, juu ya maisha ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyepanda ngazi kwa mchezo wa sataranji. Sehemu ya mama ilichezwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amepata Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Sehemu ya Phiona ilichezwa na Madina Nalwanga, binti wa hapa hapa Kampala, ambaye waandaaji walimkuta katika darasa la ngoma. Binti huyu hakuwa amepata kuingia katika jumba la sinema maishani mwake, na sinema ya kwanza aliyoiona humo ilikuwa hiyo yenye sura yake. Wangapi wengine wamo katika madarasa ya ngoma ya mitaa yetu, na hakuna aliyekwenda kuwatazama?

JE, WENZETU WALIANZAJE?

Watu wengine husema kwamba sherehe zetu ni changa mno, kwa hiyo hazina maana. Nawaomba wakumbuke jinsi hiyo Oscar yenyewe ilivyoanza. Tarehe 16 Mei 1929 watu wapatao 270 walikula chakula cha jioni katika hoteli moja ya Hollywood, kila mmoja kwa tikiti ya dola 5. Washindi walikuwa wamekwisha kutangazwa miezi mitatu nyuma, na ugawaji wa tuzo ulichukua kama dakika 15 tu. Gwaride la kawaida la asubuhi huchukua muda mrefu zaidi.

Wala tusidhani kwamba sherehe hiyo ilikuwa safi tangu mwanzo. Tarehe 29 Februari 1940 Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ile, kwa kazi yake katika Gone with the Wind. Usiku huo huo wa ushindi, mama huyo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa sinema ile ile, kwa sababu hoteli haikuwa ikipokea watu weusi. Mkono mmoja ulimpa tuzo, mkono wa pili ukamwonyesha pembe ya kukaa. Kwa hiyo anayeandaa tuzo hana budi kuulizwa mambo mawili daima: nani anapewa, na anatendewaje siku zilizobaki za mwaka.

Afrika nayo haikungoja kutuzwa na wengine. Tamasha la Ouagadougou lilianza mwaka 1969. Zanzibar ikaanza tamasha lake mwaka 1998, na zawadi yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Nchini Nigeria, mama Peace Anyiam-Osigwe alianzisha tuzo za sinema za Afrika mwaka 2005. Kenya ikaanza tuzo za Kalasha mwaka 2009.

KAMPALA YAPATA UWANJA WAKE

Hapa kwetu, mwaka 2013 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilianzisha Tamasha la Sinema la Uganda, na tuzo zake zikatolewa mjini Kampala. Kwa mara ya kwanza chombo cha serikali kilisimama mbele ya waigizaji na kusema: kazi yenu ni kazi, na tutaipima kama kazi nyingine zinavyopimwa. Mtu akilikumbuka lile tukio la mwaka 1977, ataona umbali uliosafiriwa katika miaka 36. Dola iliyomtoa mchezaji ukumbini kwa nguvu sasa ilikuwa ikimwita ukumbini kwa heshima.

Mfano bora wa matunda ya tamasha hilo ni mwaka 2018. Sinema Veronica's Wish, inayosimulia habari za mwanamke anayepatwa na maradhi wakati harusi yake imekaribia, ilizoa tuzo 9. Rehema Nanfuka alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha hilo. Nisha Kalema, aliyecheza sehemu kuu, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu, baada ya kushinda mwaka 2015 na mwaka 2016. Si hayo tu: ndiye aliyeiandika hadithi na kusimamia utengenezaji wake. Hakungoja mtu amtafutie sehemu ya kucheza, alijitengenezea mwenyewe. Na mwaka 2022 Uganda ilipeleka kwa mara ya kwanza sinema yake kushindana katika mlango wa sinema za kimataifa wa Oscar, nayo ni Tembele ya Morris Mugisha, juu ya mzoa taka wa Kampala asiyekubali kwamba mtoto wake mchanga amefariki.

Pamoja na hayo, kuna wachezaji ambao zulia jekundu haliwafikii. Huko Wakaliga, katika mabanda ya Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kuwa mfyatua matofali, alianzisha mwaka 2005 kiwanda chake cha sinema za mapigano. Kompyuta yake aliiunga mwenyewe kwa vipuri, na bunduki za mchezo zilichongwa kwa vyuma chakavu. Sinema yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inahusu afande mmoja hodari anayetumwa kupambana na genge la wahalifu. Iligharimu fedha zisizozidi dola 200, na imetazamwa na mamilioni duniani. Waigizaji wake walitembea mitaani wakiuza nakala kwa mikono yao ili wapate chochote. Mtazamaji wa kibanda, anayesikiliza sauti ya mfasiri ikipaa juu ya milio ya bunduki, ndiye aliyewatuza kwa sarafu yake, kabla ya kamati yoyote kuketi.

TUZO NA NISHANI

Sasa niseme jambo ambalo msomaji wa gazeti hili atalielewa upesi kuliko wengine. Askari anaijua nishani. Anajua kwamba nishani ya Kagera ni ya waliopigana kuuondoa utawala wa Amin, na kwamba nishani ya Luwero ni ya vita vya mwaka 1981 hadi 1986. Anajua kwamba siku ya kuvishwa, jina husomwa, na sababu husomwa. Nishani isiyo na sababu ni kipande cha chuma, na wenzake kwenye mstari wataicheka mioyoni hata kama miguu yao imesimama wima.

Tuzo ya mwigizaji ni vivyo hivyo. Haitolewi kwa uzuri wa sura, wala kwa wingi wa marafiki, wala kwa gharama ya nguo aliyoivaa usiku ule. Hutolewa kwa kazi fulani, katika sinema fulani, iliyofanywa kwa ustadi fulani. Hapo ndipo ugomvi wa kila mwaka unapoanza, kwa kuwa ziko njia mbili za kumpata mshindi. Njia ya kwanza ni ya waamuzi wachache wenye ujuzi, wanaoketi na kuzitazama sinema zote moja baada ya nyingine. Njia ya pili ni ya kura za watazamaji. Kenya, katika tuzo za Kalasha, huzichanganya njia hizo. Na zile za Africa Magic zinazotolewa Lagos tangu mwaka 2013 huwaachia watazamaji baadhi ya tuzo, na nyingine huwaachia waamuzi.

Kila njia ina ubora wake na ubaya wake. Waamuzi huweza kuona ufundi usioonekana na wengi, lakini huweza pia kupendelea watu wa kundi lao. Kura hupa sauti nyumba ndogo ya koplo sawasawa na nyumba ya tajiri, lakini pale kila kura inapolipiwa kwa fedha za simu, usawa huo hupotea, na mwenye mfuko mnene hushinda kabla ya mchezo kuanza. Kwa maoni yangu, tuzo ya ustadi iachiwe waamuzi, na majina yao yatangazwe pamoja na sababu za uamuzi wao, kama zinavyosomwa sababu za nishani. Tuzo ya kupendwa iachiwe watazamaji, bila malipo, na iitwe hivyo hivyo: tuzo ya kupendwa. Kupendwa ni jambo zuri, na ustadi ni jambo zuri, lakini havifanani.

KUTAZAMA KWA MACHO YA HAKI

Ili sisi watazamaji tuweze kuhukumu, yafaa tujue kazi ya mwigizaji ilivyo. Wengi hudhani kwamba sinema hupigwa kama inavyoonekana, toka mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Hupigwa kwa kufuata mahali. Maadam kundi limekodi nyumba moja kwa siku mbili, matukio yote ya nyumba hiyo hupigwa katika siku hizo, hata kama moja ni la mwanzo wa hadithi na jingine ni la mwisho wake. Mwigizaji huweza kumlilia mumewe asubuhi, kisha alasiri akaigiza siku walipokutana kwa mara ya kwanza. Hana budi kukumbuka alikuwa na umri gani, alikuwa anajua nini na hajui nini, na alishika kikombe kwa mkono upi. Tena tukio moja huweza kurudiwa mara nyingi kwa sababu ya kelele za bodaboda barabarani, na kila mara machozi yatoke kama mapya.

Kwa hiyo, mnapoketi jioni mbele ya televisheni, usimtazame anayepiga kelele peke yake. Mtazame anayesikiliza, kwa maana mwigizaji dhaifu hungoja zamu yake ya kusema, na hodari husikia anachoambiwa, nasi twakiona kikimwingia. Tazama mikono. Tazama kama mganga anamshika mgonjwa kama mganga, na kama mpishi anakoroga ugali kama mtu aliyewahi kuupika.

Askari na polisi hapo wana ujuzi ambao wakosoaji wa magazeti hawana. Ninyi mwaona mara moja saluti ya uongo. Mwaona bunduki iliyoshikwa kama jembe, na kamanda asemaye maneno ambayo hakuna kamanda aliyepata kuyasema. Mwaka 2018 ilipotoka 27 Guns, sinema iliyoongozwa na Natasha Museveni Karugire juu ya shambulio la Kabamba la tarehe 6 Februari 1981 na vita vilivyofuata, mashahidi wengi wa zama zile walikuwa bado hai, na kila mmoja angeweza kuipima kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Ujuzi huo msiubane. Waandaaji wa sinema wautafute, nanyi mwape kwa ukarimu, kwa sababu sinema yenye askari wa kweli huheshimu askari kuliko sinema yenye askari wa sifa tupu.

SWALI LA NYUMBANI

Sasa niingie ndani ya nyumba. Binti au kijana aliyemaliza kidato cha nne anasimama mbele ya wazazi na kusema: "Baba, mama, nataka kuwa mwigizaji." Katika nyumba nyingi za kambi jibu la kwanza ni hasira. Baba husema kwamba hakupigana ili mtoto wake awe mchekeshaji. Mama huogopa uhuni. Na kwa kuwa kijana ameona picha za washindi wakiwa na vinyago vyao vya dhahabu, hudhani kwamba wazazi wake ni watu wa kale wasiojua dunia.

Nasema wote wawili wana sehemu ya kweli. Kijana anakosea akidhani kwamba usiku wa tuzo ni picha ya kazi yenyewe. Usiku ule ni mmoja, na siku za kungoja sehemu, kukariri maneno, kuamka alfajiri na kudai malipo yaliyochelewa ni mamia. Katika kila watano waliotajwa kugombea, wanne hurudi nyumbani mikono mitupu, na hao ndio waliofanikiwa kutajwa. Wazazi nao wanakosea wakidhani kwamba kazi haina adabu yake. Ina mafunzo: Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha sanaa za maonyesho na sinema, na Mira Nair aliianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004 ili kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki. Ina sheria pia: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inamtambua mchezaji kuwa ni mtu mwenye haki juu ya maonyesho yake, si kibarua wa kupigwa picha tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mtoto amalize shule, kwani mwigizaji asiyesoma vizuri hawezi kukariri wala kuelewa mkataba. Aanze katika kikundi cha mtaa, cha kanisa, cha msikiti au cha shule, ambako watu wanamjua. Akiitwa kujaribiwa, mzazi ajue mahali, saa na mwitaji. Majaribio ya kweli hufanyika mchana, ukumbini au ofisini, mbele ya watu zaidi ya mmoja. Yeyote amwitaye binti usiku, peke yake, katika chumba cha hoteli, hatafuti mwigizaji, na habari zake zipelekwe kituo cha polisi bila haya. Akipata sehemu, pawe na karatasi iliyoandikwa kiasi cha malipo, siku ya kulipwa, nauli, chakula, na sinema itaonyeshwa wapi. Nakala moja ibaki nyumbani, katika sanduku lile lile la vyeti na hati.

Jambo jingine la nyumbani ni kutofautisha mtu na sehemu anayoicheza. Mama aliyecheza mama wa kambo mkatili hutukanwa sokoni, na kijana aliyecheza mwizi hufukuzwa dukani. Watoto wetu hutusikia tukisema, "Yule mwanamke ni mbaya," wala hatuwaambii kwamba ni mwigizaji mwenye watoto wake anaowasomesha kwa kazi hiyo. Mtu aliyecheza ubaya hata tukamchukia ndiye aliyefaulu zaidi, na pengine ndiye aliyestahili tuzo. Baba akiwaeleza watoto hilo jioni moja, atakuwa amewafundisha jambo litakalowafaa hata nje ya sinema: kwamba mavazi na maneno ya mtu si lazima yawe ndiye mtu mwenyewe.

KUTUZA NI MKONO WA WOTE

Turudi kwenye ule uwanja wa ngoma. Anayetuza pale hainuki kwa niaba ya kamati. Ni shangazi, ni jirani, ni mjomba aliyetoka safari, na noti anayoibandika ni yake. Sherehe ya Kampala ni njema, na serikali imefanya vema kuianzisha, lakini tuzo moja kwa mwaka haiwezi kumlisha mchezaji. Kinachomlisha ni tikiti iliyokatwa, nakala iliyonunuliwa kwa halali badala ya kunakiliwa kwa wizi, na kituo cha televisheni kinachomlipa kwa wakati kwa sababu kinajua tunamtazama.

Polisi wamo katika hesabu hii, maana ndio wanaopokea malalamiko ya kazi iliyoibwa, na malalamiko hayo yanastahili kuandikwa kitabuni kama ya ng'ombe aliyeibwa. Askari wamo, kwa kuwa kambi ina ukumbi, na ukumbi unaweza kuwaita waigizaji wa kwetu siku ya familia na kuwalipa ujira wao. Wazazi wamo, kwa kuwa mchezaji wa miaka ishirini ijayo sasa hivi anamwigiza mwalimu wake nyuma ya nyumba, na wenzake wanacheka.

Byron Kawadwa hakuona sherehe yoyote ya aina hii. Alirudi kwao na mchezo mzuri, na kwao hapakuwa na mtu aliyeweza kuinuka na kusema neno. Mwaka huu majina yatakaposomwa, na yule aliyeshinda akapanda jukwaani na kurudi kiti chake salama, kisha kesho yake akatembea mjini Kampala bila kutazama nyuma, tujue kwamba huo ulinzi nao ni sehemu ya tuzo, na kwamba wanaoutoa ni watu wa nyumba hizi zetu.